Chaina grasi ya Kisutu: nyota nne, na ya tano nimeikata kwa sababu

Chaina grasi ni kitu cha kugandishia vitamu vya baridi, mahali pa jeli ya pakiti. Nianze na aibu yangu. Desemba mawifi walikuja kula mchana, nikataka kuwatolea kitu cha baridi baada ya pilau. Nikanunua pakiti ya unga wa jeli, ile nyekundu yenye harufu ya stroberi, nikakoroga kama ilivyoandikwa, nikamimina juu ya nanasi la Kiwangwa lililoiva hasa, nimelikata vipande vidogo vidogo. Likalala kwenye friji usiku kucha. Asubuhi uji. Mchana, uji vilevile. Nikaugawa kwenye glasi. Wifi mkubwa akaonja, akaniangalia, akasema, "Juisi yako nzito, wifi." Nikaitikia kwamba ndiyo, ni juisi.

Wiki iliyofuata nilipita Kisutu, Dar es Salaam, kutafuta hiliki, nikamsimulia mzee mwenye duka. Akaniuliza, "Nanasi ulilipika?" Nikamwambia hapana. Akacheka mpaka akashika kaunta. "Basi mama, chukua hii." Pakiti nyepesi kama haina kitu, gramu 10, shilingi 3,500. Ndani nyuzi nyeupe zinazong'aa, ungedhani mtu kakata mfuko wa plastiki. Chaina grasi. Niliijua kwa faluda ya bibi tu, Tanga, na bibi hakuwa mtu wa kuruhusu mjukuu asogelee sufuria.

Nanasi lilinishinda kwa sababu jeli ile hushikwa na jelatini, ambayo ni protini ya ngozi na mifupa ya wanyama. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachokatakata protini, na papai lina chake, ndiyo maana tunalipaka kwenye nyama ngumu. Chaina grasi hutokana na mwani mwekundu, haina protini ya kukatwa. (Ndugu zangu wa Paje na Jambiani, Zanzibar, msichangamke sana, mwani mnaoulima nyinyi hutoa karajinani, kigandishi kingine, ndugu yake tu.) Na kwa sisi tunaogeuza pakiti ya jelatini tukitafuta ni ya mnyama gani, hapo tumepumzika.

Sasa naipika hivi. Nailoweka dakika ishirini. Itanuka pwani maji yakitoka, usitishike, harufu inaishia motoni. Naikamua, naichemsha kwa nusu lita ya maji na sukari vijiko vinne. Ni lazima ichemke kwelikweli, maji ya moto peke yake hayaiyeyushi. Inua mwiko uutazame kwenye mwanga: ukiona uzi hata mmoja unaning'inia, endelea kukoroga. Kwangu huchukua kama dakika kumi. Kisha naepua, natia nusu lita ya rojo la embe dodo niliyoipitisha kwenye chujio, maana dodo lina nyuzi zake. Namimina kwenye bakuli.

Mara ya kwanza rojo lilitoka moja kwa moja kwenye friji. Lilipogusa tu sufuria, vinundu! Kitu hiki huanza kuganda kikishuka kwenye nyuzijoto 40 hivi, kwa hiyo embe la baridi linakigandisha kabla hujachanganya. Nilirudisha yote motoni, nikakoroga, ikayeyuka upya, haikuharibika kitu. Tangu siku hiyo embe langu linakaa mezani kwanza.

Lililonifanya niandike haya ni la Januari. Nimemimina saa tisa, saa tisa na nusu umeme ukakatika. Nikajua yamenikuta tena. Saa kumi na moja nikatikisa bakuli, imeshika palepale mezani, na joto lile mnalijua. Umeme uliporudi nikaiweka friji ipoe tu.

Kasoro zipo. Haiyeyuki mdomoni kama jelatini. Inakatika, ina ukavu fulani. Mwanangu alisema, "Mama, hii inavunjika." Maelekezo ya pakiti hayana Kiswahili na yanataka maji vikombe viwili tu kwa pakiti nzima. Nilifuata mara moja, kikatoka kitu cha kudundia. Lita moja ndiyo kipimo changu. Pasheni usiichemshe nayo, ukali unailegeza. Itie mwishoni ukishaepua. Nanasi nalo usilichanganye na maziwa, yatakuwa machungu. Mimi nalifanyia tabaka la tui juu.

Nyota ya tano nimeikata kwa ajili ya siku ya pili: inatoa maji, bakuli linakuwa na kidimbwi pembeni. Ipike asubuhi, iliwe jioni. Pakiti moja hutosha watu wanane, au mawifi watano.