Itifaki ya Biblia niliyonunua Moshi: inafaa, ila jalada ni shida

Itifaki hii, yaani kitabu cha kutafutia maneno ya Biblia, niliinunua kwenye duka la vitabu mjini Moshi, shilingi 30,000 baada ya kubembelezana na dada wa kaunta. Nafundisha jumuiya yetu kila Jumamosi alfajiri, na nilichoka kusikia mistari ikikatwa katikati.

Kazi yake ni rahisi: unatafuta neno, inakuonyesha lilipo katika Biblia ya Union, ile tafsiri ya Kiswahili ya 1952. Wiki ya kwanza tu iliniokoa. Mzee mmoja, mfanyabiashara wa mahindi, alisisitiza kuwa Biblia inasema fedha ni shina la mabaya. Nikafungua "fedha", nikafika 1 Timotheo 6:10: shina ni *kupenda* fedha. Akacheka, akasema basi magunia yake yako salama. Nikamwomba asome na mstari wa 9 kabla hajafurahi sana.

Ila ina mpaka wake. Katika Yohana 21:15-17 Yesu anamuuliza Petro mara tatu, na Kiswahili kinasema "wanipenda" zote tatu. Kigiriki, lugha ya asili ya Agano Jipya, kina vitenzi viwili vya kupenda pale: agapao mara mbili za kwanza, kisha fileo. Wataalamu wenyewe hawakubaliani kama tofauti hiyo ina uzito. Itifaki ya Kiswahili haitakuonyesha hilo, maana inaorodhesha maneno ya tafsiri tu.

Maandishi ni madogo mno kwa taa ya sola. Jalada limeachia mwezi wa pili, na dukani wakaniambia nipake gundi. Nimepaka. Naipa nyota nne.