Dawa ya bakteria ya kuua viluwiluwi vya mbu: uzoefu wangu Igurusi

Niseme mapema: hii si dawa ya kupuliza chumbani halafu ulale bila chandarua. Mbu anayeruka haimgusi. Inaua viluwiluwi majini, na kwa kazi hiyo sijaona ya kuizidi hapa kwetu Igurusi, wilayani Mbarali, ambako msimu wa mpunga ukianza maji yanatuama kila kona.

Ninayotumia ni ya maji, aina ya Bti, yaani Bacillus thuringiensis israelensis, bakteria wa udongoni aliyegunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev, Israeli. Dawa za jamii hii zinatengenezwa hapa nchini, kwenye kiwanda cha Kibaha mkoani Pwani, na inaniuma kuona wakulima wenzangu wengi hawana habari.

Mzee jirani yangu alinikuta na bomba mgongoni kando ya mashimo ya tofali. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza moja kwa moja: "Mwanangu, ng'ombe wangu wanakunywa humo. Unawawekea nini?" Swali la haki kabisa. Nikamweleza kwamba kiluwiluwi akila bakteria hao anameza na chembe za protini, zinayeyuka tumboni mwake kwa sababu tumbo lake lina alkali kali, ndipo sumu inatoboa utumbo. Tumbo la ng'ombe, la kambare au la mtu haliko hivyo. Kesho yake tukachota maji pamoja kwa bakuli jeupe. Viluwiluwi vilikuwa vimelegea, vingi vimekufa, lakini watoto wa vyura wanapiga mikia kama kawaida. Mzee akaridhika kwa macho yake mwenyewe.

Hilo bakuli nunua kabla hujanunua dawa. Ndani yake utaona viluwiluwi vilivyolala sambamba na uso wa maji: hao ni anofelesi, wa malaria. Vinavyoning'inia kichwa chini mara nyingi ni kuleksi, jamii nyingine ya mbu. Utaona pia vile vilivyojikunja mfano wa alama ya mkato, ambavyo karibu vinageuka mbu. Hivyo havili tena, kwa hiyo dawa haivipati. Ukiona mbu wanaendelea kutoka siku mbili tatu baada ya kupuliza, usikimbilie kusema umeuziwa maji.

Ingawa kuuziwa dawa iliyochoka kunatokea. Duka moja la pembejeo lilikuwa limepanga chupa dirishani, jua la mchana linazipiga. Bakteria hao ni viumbe hai, jua linawamaliza, na chupa niliyotoka nayo pale haikufanya kitu. Angalia tarehe, uliza zimehifadhiwa wapi, na upulize jioni.

Kwenye mashimo ya tofali na mitaro ya nyumbani naipa alama zote. Shida ni majaruba. Mpunga ukiwa ndio kwanza umepandikizwa, kabla majani hayajafunika maji, anofelesi wanazaliana hasa, na nyayo za ng'ombe kwenye tope, kila moja na maji yake kidogo, nazo ni mazalia. Dawa haikai muda mrefu, na katika joto la bonde letu la Usangu yai linafika kuwa mbu kwa wiki moja au mbili, kwa hiyo inabidi urudie kila wiki. Ukipuliza jaruba lako peke yako, mbu wa jaruba la jirani watakuja kukuuma vilevile.

Kwa hiyo nitaendelea kununua, ila ombi langu liko kwa wenzangu wa skimu ya umwagiliaji. Zamu za maji tunagawana vizuri, kila mtu anajua siku yake ya kufungua mfereji. Chama kinunue dawa kwa pamoja, na anayefungua maji wiki hiyo ndiye apite na bomba kwenye eneo lake, tuanzie wakati wa kupandikiza.