Wakala wetu wa safari ya Malta: mahiri kwa viza, mgeni kwa kisiwa

Mimi na mume wangu tulipoamua kuadhimisha miaka 20 ya ndoa kisiwani Malta, tulikabidhi maandalizi yote kwa wakala mmoja wa safari mwenye ofisi Posta, jijini Dar es Salaam. Kwa kazi ya viza ningewalipa tena hata kesho. Kwa ratiba ya kisiwani, hapana.

Malta imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo ada ya euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isiyopungua euro 30,000 na sharti la kuwasilisha maombi angalau siku 15 kabla ya kuondoka ni mambo yasiyo na mjadala. Dada aliyetuhudumia alipitia taarifa yangu ya benki mstari kwa mstari, kalamu yake ikasimama kwenye shilingi milioni 4 zilizoingia wiki iliyotangulia. "Mama, hizi zimetoka wapi?" Tulikuwa tumevunja kikoba. Akanirudisha kwa katibu wetu nikachukue barua yenye mhuri, jambo lililoniudhi siku ile kwa sababu ya foleni ya kwenda Mbagala, lakini viza zilitoka bila swali lolote.

Kisiwa chenyewe hawakijui. Ratiba yao ilitupangia kupiga picha kwenye lile tao la mwamba la kisiwa jirani cha Gozo, ambalo liliporomoka baharini kwa dhoruba mwezi Machi 2017, na bango lake bado limebandikwa nyuma ya meza ya mhasibu. Walitutoza pia nauli ya kivuko kati ya Ċirkewwa, bandari ya upande wa Malta, na Gozo kwa kwenda na kurudi, ilhali abiria hulipa mara moja tu, wakati wa kurudi. Nimeidai fedha hiyo mara tatu, na kila mara naambiwa nisubiri bosi arudi.

Kilichotuuma zaidi ni mkalimani wa nusu siku waliyetuuzia, wakati Kiingereza ni lugha rasmi huko sambamba na Kimalta, ambacho asili yake ni Kiarabu. Jumapili, katika soko la samaki la Marsaxlokk, muuzaji alikuwa akihesabu samaki kwa sauti, "sitta, sebgħa", na kabla mkalimani hajafungua kinywa, mume wangu alikuwa ameshatoa pochi.