Sonara aliisugua sarafu ya bibi yangu bila kuniuliza

Bado nina hasira, kwa hiyo nivumilieni.

Nilikwenda kwa sonara mmoja hapa Kampala na sarafu ya senti 50 ya mwaka 1906, ile ya Mfalme Edward VII, ambayo upande wa pili ina simba na jina la Uganda limemzunguka. Bibi yangu wa Bombo aliipata kwa baba yake, akaifunga kwenye pindo la leso miaka yote hiyo. Nilitaka ipimwe uzito na niambiwe kama ni fedha kweli. Basi.

Pembeni ilikuwa na samawati inayoingia kwenye zambarau, katikati rangi ya asali, na weusi umejificha kwenye manyoya ya simba. Huo si uchafu, jamani! Fedha ikikutana na salfa ya hewani hujivika utando. Ukiwa mwembamba ni wa manjano, ukinenepa unageuka zambarau na bluu, mwisho mweusi. Ukishika polepole na kwa usawa, wakusanyaji huongeza bei kwa ajili yake. Ukiwa wa mabaka mazito, bei inashuka, na nakubali yangu ilikuwa na baka moja baya karibu na tarehe.

Yule mzee aliipokea bila hata kunitazama. Simu yangu ikalia, nikageuka kidogo tu. Kurudisha uso, sarafu imo ndani ya bakuli la dawa!

"Mzee, itoe!" Akaitoa, akaisuuza, kisha akaanza kuisugua kwa kitambaa na unga mweupe huku namwambia aache.

"Bwana, umeniletea uchafu, mimi nakurudishia fedha." Halafu akanidai shilingi 20,000 za kusafisha.

Dawa ile ya asidi haibebi weusi peke yake. Inaondoka na ngozi ya juu ya fedha yenyewe, pamoja na ule mng'ao wa kiwandani unaozunguka kama miale ukiinamisha sarafu kwenye mwanga. Unga nao umeacha mikwaruzo myembamba kama nywele, shavu zima la mfalme. Wapimaji wa sarafu wa Marekani hutoa alama 1 hadi 70 kwa kipimo cha Sheldon, kinachoonyesha hali ya sarafu, lakini sarafu iliyosuguliwa hivi kwa kawaida hunyimwa namba, inaandikwa tu kwamba imesafishwa. Mkusanyaji akiyasoma hayo anairudisha mezani. Afadhali ingebaki na baka lake.

Niseme haki: mizani yake ni sahihi, na bangili ya mke wangu aliiunga mwaka juzi, mpaka leo haijaachia. Kwa bangili, nendeni.

Hapana, nafuta hilo. Mtu anayetia mali ya mwenzake kwenye asidi bila kuuliza, kesho atafanya nini na bangili yako? Msiende. Nilipolalamika aliniambia, "Itarudi kuwa nyeusi, usilie." Itarudi, ndiyo, juu ya mikwaruzo.

Nilimlipa 10,000 nikatoka. Jumapili nikampelekea bibi. Aliigeuza mara mbili mkononi, akaisogeza karibu na jicho, akaniuliza ile yake nimeiweka wapi.