Voisi au meseji ndefu: ipi inafaa kuwapa washkaji habari zako?

Mi ni mtu wa voisi, niseme mapema. Unaosha vyombo, simu iko pembeni, unaongea tu, kitabu nimefika sura ya saba yule mama mkwe ananikera balaa, alafu ile sweta nnayofuma nimeifumua tena mara ya tatu maana mkono mmoja umetoka mrefu kuliko mwenzie, na mtu anasikia kabisa unavyocheka, kwenye maandishi hiyo haipo hata uweke emoji kumi.

Shida yake ni dakika. Voisi ya dakika sita ukiikuta uko kwenye kikao unaiacha, unaisahau, siku ya tatu unaulizwa "ulinisikiliza?" unabaki kujiumauma. Afadhali tangu 2021 WhatsApp waliweka ile spidi ya 1.5 na 2, ingawa rafiki akielezea machungu yake kwa spidi ya 2 anasikika kama mtangazaji wa mpira, sio poa kabisa.

Meseji sasa ndo inashinda kwenye vitabu. Jina la kitabu na la mwandishi vinabaki pale pale, unatafuta neno moja unakipata hata baada ya miezi, voisi je, utasikiliza zote upya? Ila kuandika kunachosha, na mtu akikujibu "sawa" baada ya aya nne, weee, unajuta.

Kwa hiyo mi stori za maisha natuma voisi, isizidi dakika mbili, kitabu naandika. Ile sweta natuma picha tu.