Basi la Tabora hadi Kigoma: nyota mbili za gari, tano za siti ya jirani

Jina la kampuni sitalitaja. Dereva alikuwa mtu mstaarabu, na ubovu wa gari si wa kumtwika yeye. Naandika kwa sababu kabla ya safari nilitafuta mtu aliyepita njia hii kwa basi akaieleza, nikaambulia picha za sokwe wa Gombe tu.

Mimi ni mwanamke wa Mombasa, nilikuwa nasafiri peke yangu, likizo ya wiki mbili. Nilivuka mpaka Horohoro, nikapita Tanga na Dar, nikapanda treni ya umeme hadi Dodoma, kisha basi hadi Tabora. Hapo nililala usiku mmoja, nikanunua chupa mbili za asali, nikaondoka huku nikijilaumu kwa kutokaa zaidi chini ya ile miembe.

Tiketi nilikata stendi jioni ya kuamkia safari, nikapewa siti ya dirishani, nyuma kabisa. Msikubali siti za nyuma. Gari liliondoka saa kumi na mbili asubuhi barabara, na kwa hilo nawapa alama zote. Siti zinabana magoti. Pa kuchajia simu papo, ila moto haupiti.

Kando yangu alikaa mama mmoja wa makamo, kikapu mapajani, ndoo ya plastiki katikati ya miguu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanigeukia vizuri. "Wewe si wa huku. Unaongea kama taarifa ya habari." Nikamwambia natoka Mombasa. "Ala! Kumbe Mswahili mwenzetu." Yeye ni wa Ujiji, alikuwa amekwenda Tabora kumwona binti yake aliyejifungua. Humu nitamwita Bi Mkubwa.

Tulipopita Urambo konda akapaza sauti: "Dakika kumi, tunachimba dawa!" Watu wakateremka. Mimi nikabaki nimekaa, nikiwaza ni mizizi gani hiyo ya kusimamishia basi zima. Bi Mkubwa alicheka mpaka akajifuta machozi. "Dawa hiyo, mwanangu, kila mtu anachimba yake. Twende, wanawake mkono wa kushoto." Akanikingia khanga yake kichakani. Mtu akishakukingia khanga kichakani, yale mazungumzo ya "habari za safari" na "nzuri tu" hayawezekani tena.

Mbele ya Kaliua mkanda wa feni ukakatika. Konda akasema nusu saa. Tulikaa saa tano. Miombo huku na huku, jua la utosi, na mbung'o ambao wanakuuma juu ya nguo kana kwamba hukuvaa kitu. Lawama yangu kubwa ni hapa: gari la masafa kama haya kutembea bila mkanda wa akiba, halafu kila tukiuliza tunajibiwa "fundi yuko njiani". Bora tungeambiwa mapema kwamba fundi hajapatikana, watu wapange akili zao.

Abiria wakaanza kutoa walivyonavyo. Bi Mkubwa akafungua kikapu, akatoa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa. Mwanzoni unatafuna kama ngozi ya ndara. Ukivumilia, vinaachia utamu unaokaribia wa tende. Mimi nikatoa asali. Chupa ilizunguka mkono kwa mkono, kila mtu akichovya kipande chake, ikanirudia imebaki ya kupaka kidole. Sisemi wote walikuwa malaika. Vijana wawili walitokea na baiskeli wakatuuzia maji kwa bei mara mbili ya dukani, na tukanunua kimya kimya.

Daraja la Malagarasi, nililotamani sana kuliona, tulilivuka gizani. Uvinza ya chumvi niliiona kwa taa za vibanda. Kigoma tuliingia saa nne na nusu usiku. Nikapiga simu gesti niliyoiwekea chumba tangu nikiwa Dodoma, nikaambiwa chumba ameshapewa mtu. Nikavuka barabara kwenye mashine ya benki. Ikakataa kadi yangu mara tatu. Mfukoni nilikuwa na elfu nane za Tanzania. Niliporudi, stendi imebaki na mbwa na mwanamke mmoja ameketi juu ya ndoo. Nilidhani Bi Mkubwa anamngoja mwanawe.

"Nakungoja wewe," akasema. "Nimekuona unavyokwenda na kurudi pale."

Tukapanda bajaji hadi Ujiji. Nilikusudia usiku mmoja, nikakaa siku nne.

Kwa mtu wa pwani, Ujiji inachanganya. Ushungi, baraza za nje, sauti za watoto wa madrasa, wanawake wanaokuuliza habari za watu wa kwenu kana kwamba wanawafahamu. Nilijihisi niko nyumbani mpaka nilipoteremka ziwani nikanawa uso: maji hayana chumvi! Na ni ziwa ambalo kina chake kinafika mita 1,470, mawimbi yake hayana utani. Nilikuwa nimesikia kwamba usiku taa za wavuvi wa dagaa hulifanya ziwa lionekane kama mji, nikatoka kutazama, sikuona hata moja. Mtoto wa Bi Mkubwa, mvuvi, akanionyesha juu. Mwezi ulikuwa umejaa. Mwanga ukiwa kila mahali, dagaa hawaji kwenye taa, kwa hiyo siku hizo wavuvi wanashona nyavu na kulala. Tukala dagaa wakavu waliopikwa kwa mawese, na ugali wa muhogo. Mawese yale yana wekundu unaobaki kwenye kucha. Nilirudi nao Mombasa.

Usiku wa pili taa zikazimika ghafla. Nikasema kama tunavyosema kwetu: "Stima zimepotea." Baba mkwe wa Bi Mkubwa, mzee sana, akainuka kitini. "Stima gani imepotea? Liemba?" Kwa wazee wa pale stima ni meli, si umeme. Na mshtuko wake ulikuwa na sababu, maana Liemba ilishapotea kweli: mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, ikaja kuopolewa 1924. Tangu usiku ule kila nilipopita barazani mzee aliniuliza kama stima imeonekana.

Suala la pesa lilimalizwa na yule kijana mvuvi. Kaka yangu alituma kutoka Mombasa kwenye laini ya kijana huyo, naye akaenda kwa wakala, akarudi na bahasha. Nilihesabu nikiwa peke yangu, naona haya kusema. Zilikuwa zimetimia, hata ada ya kutolea hakuikata. Nilipompa elfu ishirini, alizitazama, akaniambia nimnunulie mama yake sukari. Bi Mkubwa naye alipoona sukari akauliza nani ameniambia hana sukari. Kilo tano zile ndizo ugomvi pekee tuliogombana.

Siku ya tatu alinipeleka kwenye makumbusho ya Livingstone, palipokuwa na mwembe ambao chini yake Stanley alimkuta mwaka 1871. Sehemu hiyo inatunzwa vizuri, na anayetoa maelezo anaijua kazi yake. Tulipotoka nje Bi Mkubwa akasimama mbele ya mnara, mikono kiunoni. "Mzungu mmoja kamsalimia mwenzake, wamejengewa hivi. Mimi nimekutoa stendi saa nne usiku na begi lako, nijengewe nini?" Mlinzi alicheka kuliko sisi.

Kwa hiyo, kwa anayepanga safari hii: beba maji ya kutosha na nguo ya mikono mirefu kwa ajili ya mbung'o. Badilisha shilingi za Kenya mapema, usitegemee kadi. Gesti, lipia kabisa, usiishie kupiga simu. Gari nalipa nyota mbili, moja ya kuondoka kwa wakati na nyingine ya dereva, ambaye alishuka kuomba radhi safu kwa safu tulipofika.

Na nitalipanda tena mwezi wa kumi na mbili, kwa sababu mvuvi anaoa. Nimeagizwa leso za Mombasa doti tatu, na Bi Mkubwa anataka jina la kuwatia watu adabu. Kila wiki namtumia picha kutoka dukani, na kila wiki ananijibu hilo ni pole mno, tafuta lingine.