Uzoefu wangu na kliniki ya afya ya wasafiri kabla ya safari ya uwindaji Rungwa

Mwaka 2016 nilirudi Hamburg kutoka likizo nyumbani Tabora nikiwa na homa, na kwa siku tatu nilijitibu kwa chai ya tangawizi na vidonge vya maumivu, kwa sababu niliamini kwamba mtu aliyezaliwa na kukulia Tabora hawezi kuangushwa na malaria. Nilipokwenda kwa daktari wetu wa familia, naye alidhani ni mafua makali. Siku ya tano mke wangu aliniita nikashindwa kumjibu, akapiga simu ya dharura, nikalazwa kwa siku sita. Ndiyo maana baba mkwe wangu aliponiambia mwaka jana kwamba amelipia safari ya kuwinda nyati katika kitalu kimoja cha Pori la Akiba Rungwa, na kwamba angependa nifuatane naye nikiwa mkalimani wake, jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba hatutakata tiketi kabla ya kuonana na daktari wa magonjwa ya kitropiki.

Kliniki tuliyoichagua hushughulika na afya ya wasafiri pekee. Miadi ilipatikana baada ya wiki tano, muda ambao ni mrefu kwa mtu asiyejua, kwa hiyo namshauri anayepanga safari ya namna hii apige simu angalau miezi mitatu kabla. Sisi tuliingia kwa daktari mwezi Julai, zikiwa zimebaki wiki nane kabla ya kuondoka.

Kilichonifanya niiheshimu kliniki hii ni maswali. Nimewahi kwenda mahali ambapo muuguzi huuliza jina la nchi, hufungua orodha kwenye kompyuta, kisha huanza kuandaa sindano. Huyu daktari alituuliza tutalala wapi, tutatembea kwa miguu kilomita ngapi kwa siku, nani atamchuna mnyama, kama tutagusa damu na matumbo, hospitali yenye chumba cha upasuaji iko umbali gani kutoka kambini, na ndege itatua wapi njiani. Kisha akanigeukia mimi na kuniuliza nimeishi Ujerumani miaka mingapi. Nilipomwambia kwamba niliondoka Tanzania mwaka 2009, alinieleza jambo ambalo lingeniepusha na kitanda cha hospitali kama ningelijua mapema: kinga ya malaria ambayo mtu huijenga utotoni kwa kuumwa na mbu mara kwa mara hudumu tu pale mwili unapoendelea kukutana na vimelea, na hufifia baada ya miaka michache ya kuishi mbali navyo. Alisema sehemu kubwa ya wagonjwa wa malaria wanaoripotiwa Ulaya ni watu waliokwenda kuwatembelea ndugu na marafiki, yaani watu kama mimi, ambao hawamezi dawa za kinga kwa kuwa wanakwenda kwao.

Lakini hakunichukulia kama mgeni kamili pia. Kabla ya kunichoma sindano ya homa ya ini aina ya A alipima damu yangu, akakuta tayari nina kinga, bila shaka kutokana na maambukizi ya utotoni ambayo hata mama yangu hayakumbuki. Kinga hiyo, tofauti na ile ya malaria, hubaki maisha yote, kwa hiyo sikuhitaji chanjo. Baba mkwe alihitaji, akapewa dozi ya kwanza na kuambiwa arudi baada ya miezi sita kwa ya pili. Jambo hilo la mwili kukumbuka ugonjwa mmoja na kuusahau mwingine sijawahi kuelezwa popote, na naona kila Mtanzania aishiye ughaibuni angefaa kulisikia.

Suala la homa ya manjano lilichukua muda mrefu kuliko yote. Tanzania haimdai cheti hicho msafiri anayetoka Ujerumani moja kwa moja, ila humdai anayetoka katika nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, au aliyekaa katika uwanja wa ndege wa nchi kama hiyo kwa zaidi ya saa 12. Ratiba yetu ya awali ilikuwa na mapumziko ya saa 14 Addis Ababa, na Ethiopia imo katika orodha hiyo. Mimi nilikuwa na kadi yangu ya mwaka 2009 iliyoandikwa kwamba inaisha 2019, nikawa tayari kuchanjwa upya, lakini daktari alinirudishia kadi na kunieleza kwamba tangu Julai 2016 cheti cha homa ya manjano kinatambuliwa kimataifa kwa maisha yote, hata kama tarehe ya zamani imeandikwa humo. Baba mkwe hakuwahi kuchanjwa, na ana umri wa miaka 68. Chanjo hiyo ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa mtu anayeipata kwa mara ya kwanza baada ya miaka 60 hatari ya madhara makubwa, ingawa ni ndogo, huongezeka. Daktari alimwambia wazi kwamba kwa Rungwa haoni sababu ya kiafya ya kumchoma, na kwamba njia bora ni kubadili ndege. Tulibadili, tukapitia Doha, na kliniki ikakosa malipo ya sindano hiyo kwa ushauri wake yenyewe. Vivyo hivyo hakutuuzia chanjo ya kipindupindu wala ya homa ya uti wa mgongo.

Tulizochanjwa sote wawili ni ya homa ya matumbo, sindano moja ya nyongeza yenye pepopunda, dondakoo, kifaduro na polio, na ya kichaa cha mbwa. Hii ya mwisho baba mkwe aliikataa mwanzoni, akisema anakwenda kuwinda nyati na si kufuga mbwa. Daktari alimweleza kwamba mbweha, fisi na hata mbwa wa kijiji kilicho karibu na kambi wanaweza kuwa na ugonjwa huo, na kwamba tatizo hasa ni kinachofuata baada ya kung'atwa. Asiyechanjwa kabla huhitaji sindano nne na zaidi ya hapo dawa ya kingamwili inayopigwa kwenye jeraha lenyewe, na dawa hiyo ni adimu hata katika hospitali nyingi za mikoa. Aliyechanjwa kabla huhitaji sindano mbili tu za kuongeza nguvu, siku ya kwanza na siku ya tatu baadaye, na haihitaji kabisa ile kingamwili. Mtu aliye porini, anayehitaji siku nzima kufika mjini, akiuelewa mpangilio huo hawezi kubisha. Tulipewa dozi tatu, siku ya 0, ya 7 na ya 21, ingawa Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2018 hukubali mbili.

Jambo lililonigusa zaidi lilikuwa mazungumzo kuhusu yale yasiyo na chanjo. Mimi nimekua nikisikia habari za malale. Kwetu wazee wanasimulia vijiji vilivyohamishwa enzi za Waingereza kwa ajili ya mbung'o, lakini sikuwa nimefikiri kwamba ugonjwa huo ungenihusu mimi mwenyewe. Daktari alitukumbusha kwamba mwaka 2001 watalii kadhaa kutoka Ulaya waliambukizwa baada ya kutembelea Serengeti na Tarangire. Aina ya malale ya Afrika Mashariki huenda kwa kasi: ndani ya wiki chache mtu huwa mgonjwa sana, na mara nyingi mahali alipoumwa huvimba na kuwa kidonda. Hakuna chanjo wala kidonge cha kukinga. Mbung'o huvutwa na vitu vinavyotembea, kama gari, na rangi ya buluu na nyeusi, hutoboa nguo nyepesi, na dawa za kupaka zinazofukuza mbu hazimsumbui sana. Tulishauriwa kuvaa nguo nene za rangi ya kaki au majani makavu, zilizopuliziwa permetrini, ambayo ni dawa ya kuua wadudu, na kuipulizia nje ya nyumba huku paka akiwa mbali, kwa kuwa ikiwa mbichi inaweza kumuua.

Baba mkwe pia aliamini kwamba chanjo ya kupe, ambayo wawindaji wengi wa Ujerumani wanayo, ingemlinda huko. Chanjo ile huzuia kirusi cha ubongo kinachoenezwa na kupe wa Ulaya. Haizuii homa ya kupe ya Afrika, ambayo husababishwa na bakteria na hutibiwa kwa doksisaiklini. Nashukuru kwamba dhana hiyo iliondolewa mapema, kwa sababu ambazo zitaonekana hapa chini.

Kwa malaria tulipewa vidonge vya atovakwoni na proguanili, kimoja kila siku pamoja na chakula chenye mafuta ili kifyonzwe vizuri, kuanzia siku moja kabla ya kufika hadi siku saba baada ya kuondoka. Kwa siku 14 tulizokaa Tanzania hesabu yake ni vidonge 22. Doksisaiklini ingekuwa nafuu zaidi, lakini humfanya mtu aungue na jua kirahisi na humezwa wiki nne baada ya kurudi, na mtu anayekata tamaa wiki ya pili ndiye anayeugua. Dawa ya meflokwini daktari hakuitaja ila kwa kuionya: huweza kuleta kizunguzungu na kuvuruga akili, na mtu anayebeba bunduki hapaswi kuwa nayo mwilini.

Mapungufu yapo, nami nitayasema. Kuhusu kazi ya kuchuna, kliniki ilituambia tu tuvae glavu, wakati ambapo kimeta kimewahi kuua wanyamapori na watu Tanzania, na mwindaji anapaswa kuambiwa waziwazi kwamba mzoga aliokuta umekufa wenyewe hausogelewi wala hauguswi. Haikutuambia pia kwamba dawa ya mbu yenye diiti huyeyusha plastiki na rangi. Baba mkwe alipaka mikono, akashika bunduki yake, na vanishi ya kitako ikaharibika siku ya kwanza. Na maelezo yote ya maandishi yalikuwa kwa Kijerumani pekee. Mimi nakisoma, lakini nawafikiria dada zangu waliofika juzi.

Kwa upande wangu nililipa karibu euro 400 kwa ushauri, sindano na vidonge, na bima ya afya ilinirudishia sehemu kubwa baada ya kuwapelekea risiti. Mbali na hayo, daktari alimtaka baba mkwe apimwe moyo wake akiwa anaendesha baiskeli ya mazoezi, na azungumze na daktari wake kuhusu vidonge vya presha vinavyomkojoza, kwa sababu ya joto la Septemba. Alitutaka pia tukate bima inayolipia ndege ya wagonjwa, kama zile za Amref Flying Doctors zinazoruka kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi.

Kambini Rungwa nilimsalimia msoma nyayo wetu, mzee wa Kinyamwezi, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba, kisha akanitazama fulana ya buluu niliyosafiri nayo na kusema, "Mwanangu, hiyo kaivue kabla hatujapanda gari, utawaita wote." Niliivua. Mbung'o walituuma hata hivyo, mimi mara tisa na baba mkwe mara ambazo aliacha kuzihesabu. Tulitembea kati ya kilomita 10 na 15 kwa siku, na nyati alipatikana siku ya saba. Vidonge tulivimeza kila usiku baada ya chakula, mbele ya kila mmoja wetu, tukiwa tumekubaliana hivyo tangu Hamburg.

Siku ya tano baada ya kurudi baba mkwe alipata homa, kichwa kikamuuma vibaya na tezi za kwenye kinena zikavimba. Mguuni alikuwa na vidonda vitatu vidogo vyenye kovu jeusi katikati. Karatasi ya kliniki ilisema homa yoyote baada ya safari ni ya kupimwa siku ileile, hata kama vidonge vilimezwa vyote. Nilipiga simu saa mbili asubuhi, na kabla ya adhuhuri damu yake ilikuwa imeangaliwa kwa darubini kutafuta vimelea vya malaria na vya malale pia, kwa sababu daktari alikumbuka tulikokwenda. Vyote havikuonekana. Ilikuwa homa ya kupe. Alipewa doksisaiklini, siku ya tatu akawa anakula vizuri, na kliniki ilirudia kipimo cha damu mara mbili zaidi ili kujiridhisha.

Dozi yake ya pili ya homa ya ini ni mwezi wa Januari. Nimewaandikisha mke wangu na watoto wetu wawili kwa daktari huyohuyo siku hiyo, kwa kuwa Juni tunakwenda Tabora kumsalimia bibi yao, na watoto hao wamezaliwa Hamburg.